Lugard wa Kampala, wa Lokoja na wa Hong Kong: ni mtu mmoja?

Mwalimu wa historia katika sekondari moja mkoani Morogoro ameuliza hivi: "Wanafunzi wangu wanakutana na jina la Lugard sehemu tatu: kwenye mada ya Uganda, kwenye Nigeria, na tunapofika utawala wa kupitia machifu hapa Tanganyika. Mmoja ameniuliza kama huyo ni mtu mmoja au ni ukoo mzima. Mimi mwenyewe nina swali jingine: ilikuwaje mwanajeshi asiyesomea utawala akakabidhiwa nchi kubwa kuliko Uingereza yenyewe? Na je, aliwahi kuitawala Tanganyika?"

Mwalimu, ni mtu mmoja: Frederick John Dealtry Lugard, aliyezaliwa Madras, India, Januari 1858 na kufariki Uingereza Aprili 1945. Tanganyika hakuitawala hata siku moja, ingawa mkono wake uliifikia, na huko nitafika. Swali lako la katikati ndilo lenye uzito. Kwa maoni yangu Lugard alipanda ngazi kwa mambo mawili: alikubali kwenda mahali ambapo serikali yake ilitaka bendera bila kutaka gharama, na alijua kuandika. Ustadi wa kutawala aliutafuta akiwa tayari kwenye kiti.

Kwanza tuondoe dhana kwamba palikuwa na chuo cha magavana. Enzi za Malkia Victoria, Wizara ya Makoloni ya London iliokota magavana popote: wabunge walioshindwa uchaguzi, mawakili, watoto wa mabwana wakubwa, na wanajeshi wengi mno. George Grey alikuwa kapteni tu alipopewa Australia Kusini mwaka 1841, hajatimiza miaka 30, kisha akatawala New Zealand na Rasi ya Tumaini Jema. William Jervois, mhandisi wa jeshi na mjenzi wa ngome, alipelekwa Singapore mwaka 1875, Australia Kusini mwaka 1877, halafu New Zealand mwaka 1883. Ofisa wa jeshi alikuwa amezoea amri, homa na upweke, na alikuwa na mshahara mdogo uliomfanya apokee kazi yoyote yenye posho. Kwa hiyo Lugard hakuwa kioja. Kioja ni njia aliyopitia.

Baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana, mama yake mmisionari aliyefariki mwanawe akiwa bado mdogo. Nyumbani hapakuwa na mali. Kijana alifanya mtihani wa kuingia utumishi wa serikali ya India akashindwa, ndipo akaingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst mwaka 1878. Hapo alikaa miezi michache tu. Vita ilinukia, na maofisa walihitajika haraka. Akapigana Afghanistan, akaenda Suakin nchini Sudan mwaka 1885, kisha Burma, ambako alisimamia usafirishaji wa mizigo ya jeshi na kutunukiwa nishani. Naomba uikumbuke hiyo kazi ya mizigo. Kuhesabu wapagazi, punda, magunia ya chakula na siku za safari kulimfaa baadaye kuliko mafunzo yote ya gwaride.

Halafu mwanamke aliyempenda akamvunja moyo vibaya. Lugard alirudi London akiwa mgonjwa wa mwili na roho, akajitolea kuzima moto pamoja na zimamoto wa jiji, na mwishoni mwa 1887 akapanda meli kuja Afrika bila kazi wala mwaliko, na fedha kidogo mfukoni. Waandishi wa wasifu wake wameshughulika sana na jeraha hilo la mapenzi. Mimi silipi uzito mkubwa kiasi hicho, ila linaeleza kwa nini mtu wa miaka 29 mwenye nishani aliacha njia ya kawaida ya kupanda cheo.

Hapo ndipo anapoingia kwenye historia yetu. Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, Karonga, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeitwa Mlozi, mtu wa pwani yetu, alikuwa amejitangaza sultani wa Wangonde na kuwaua wengi wao mwaka 1887. Kampuni ya Waskoti iliyofanya biashara ziwani ilikuwa imezingirwa. Lugard akapewa uongozi wa kikosi cha kuokoteza: wafanyabiashara, wawindaji wa tembo na mamia ya Waafrika waliojiunga nao. Juni 1888 aliongoza shambulio kwenye boma la Mlozi. Alipokuwa anaupanda ukuta wa miti, risasi moja ikampitia mkono wa kulia, ikamkwaruza kifua, ikaishia mkono wa kushoto. Shambulio lilishindwa. Mlozi alibaki palepale mpaka Desemba 1895, Harry Johnston alipomkamata na kumnyonga.

Utaona kwamba kazi yake ya kwanza barani ilikuwa kushindwa. Lakini huko Uingereza ilisomwa kama kisa cha shujaa aliyejeruhiwa akipigana na biashara ya watumwa, na kisa hicho kikafungua mlango wa William Mackinnon, tajiri wa meli aliyekuwa na kampuni yenye hati ya kifalme ya kutawala kuanzia Mombasa kwenda bara. Mwishoni mwa 1889 Lugard alikuwa Mombasa kama mtumishi wa kampuni hiyo.

Watu wengi hulikosa hili la kampuni, Mwalimu. Serikali ya Uingereza ya wakati ule haikupenda kuteka nchi kwa fedha za walipa kodi wake. Ilitoa hati kwa kampuni: pigeni bendera, tieni saini mikataba, gharama ni zenu. Kampuni ya Mackinnon kule Mombasa, ya George Goldie kwenye mto Niger, ya Cecil Rhodes kusini. Mwanajeshi aliyeomba likizo jeshini na kuajiriwa na kampuni alijikuta anafanya kazi ya balozi, hakimu, jemadari na mkusanya ushuru kwa mkupuo, bila bwana wa kumtazama kwa umbali wa miezi mitatu. Lugard alitumikia kampuni kadhaa za namna hiyo kabla hajawa gavana. Hicho ndicho kilikuwa chuo chake.

Huko pwani alianza na jambo ambalo vitabu vya shule huliruka. Fuladoyo, nyuma ya Malindi, palikuwa na kijiji cha watumwa waliotoroka. Mabwana zao wa pwani waliwataka. Lugard alipanga watumwa hao wafanye kazi ya kampuni, mshahara ulipe bei ya uhuru wao kidogo kidogo. Kwa mtu aliyejitangaza adui wa utumwa, huo ulikuwa mpango wa tahadhari mno: bwana analipwa, mtumwa anajinunua. Miaka kumi baadaye, Nigeria ya Kaskazini, alifanya yaleyale kwa kipimo kikubwa. Alitangaza mwaka 1901 kwamba sheria haiutambui tena utumwa, kisha akawaagiza maofisa wake wasiwatie moyo watumwa kuwaacha mabwana zao, maana aliogopa mashamba kubaki matupu na masultani kugeuka. Wasomi bado wanabishana kuhusu nia yake. Matokeo yake hayana ubishi: utumwa ulikufa taratibu sana, kwa miongo.

Agosti 1890 akaondoka Mombasa na msafara wa wapagazi Waswahili. Oktoba alijenga boma Dagoretti, karibu na ilipo Nairobi leo, baada ya kuchanjiana damu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu. Miaka miwili haikupita, boma likavunjwa kwa sababu ya ubabe wa watu wa kampuni, na Waiyaki mwenyewe akakamatwa mwaka 1892 na kufia njiani, Kibwezi, akipelekwa pwani. Wakati huo Lugard alishasonga mbele.

Desemba 1890 aliuvuka mto Nile bila kusubiri ruhusa ya Kabaka Mwanga, akapiga kambi juu ya kilima cha Kampala, kile kinachoitwa Old Kampala hadi leo. Alikuwa na askari wachache na bunduki moja ya rasharasha ya Maxim iliyochakaa, ambayo ilishavuka bara zima na msafara wa mpelelezi Stanley. Tarehe 26 Desemba akamletea Mwanga mkataba wa kuitambua kampuni. Lugard mwenyewe ameandika yaliyotokea: barazani pamejaa watu wenye bunduki, Mwanga hataki, machifu wa Kiprotestanti wanamsukuma. Mwishowe Kabaka akaichukua kalamu kwa hasira na kulitia karatasi doa la wino. Lugard akamtaka arudie. Kwenye nakala ya pili akaweka alama ya msalaba iliyokubalika. Ukiwasomea wanafunzi kipande hicho watajua "mkataba" wa miaka hiyo ulikuwa kitu gani, na la ajabu ni kwamba aliyetuachia ushahidi ni yule aliyefaidika. Aliandika bila haya kwa sababu wasomaji wake hawakuona cha kuonea haya.

Buganda ilikuwa imegawanyika kati ya Waingereza na Wafaransa, yaani wafuasi wa wamisionari wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki, mbali na Waislamu walioshindwa vita na kukimbilia Bunyoro. Kwa kuwa kampuni haikumletea jeshi la kutosha, Lugard alikwenda magharibi mwaka 1891 na kuwachukua askari wa Kisudani walioachwa kando ya Ziwa Albert baada ya Emin Pasha, gavana wao wa Sudan ya Kusini, kuondoka. Waliongozwa na Selim Bey, na walikuja na wake, watoto na watumishi. Wanubi wa Uganda, na wa Kibera nchini Kenya, wengi wana mizizi katika askari hao na wenzao waliofuata. Tarehe 24 Januari 1892 mapigano yakalipuka Mengo, makao ya Kabaka. Lugard aliwapa Waprotestanti bunduki na akawafyatulia Wakatoliki Maxim zake, ambazo sasa zilikuwa mbili. Ufaransa ilikuja juu, na baadaye serikali ya Uingereza ikawalipa fidia wamisionari wa Kifaransa.

Lingekuwa jambo la kumaliza kazi ya mtu. Zaidi ya hayo, kampuni ilikuwa imefilisika: Uganda ilikula karibu pauni 40,000 kwa mwaka na haikurudisha kitu. Ikaamua kuondoka. Hapa ndipo Lugard alipoonyesha kipaji chake halisi. Alirudi Uingereza Oktoba 1892 na kuzunguka mji hadi mji akihutubia vyama vya wafanyabiashara na makanisa: tukiiacha Uganda, Wakristo watachinjwa, watumwa watauzwa, Wajerumani na Wafaransa watachukua soko. Aliandika barua magazetini, akatoa kitabu cha juzuu mbili mwaka 1893. Barua za kuiomba serikali zikamiminika. Juni 1894 Uganda ikatangazwa nchi ya ulinzi wa Uingereza. Ukiniuliza ni vita gani kubwa Lugard aliyowahi kushinda, nitakujibu ni hii ya majukwaani, na silaha yake ilikuwa wino.

Gazeti la The Times lilimuunga mkono, na mhariri wake wa makoloni alikuwa mwanamke, Flora Shaw. Huyohuyo ndiye aliyependekeza jina "Nigeria" katika makala ya Januari 1897. Mwaka 1902 walioana kisiwani Madeira. Baada ya hapo Lugard hakupungukiwa mtu wa kumsemea London.

Safari zake za katikati nazipita mbio. Mwaka 1894 Goldie alimtuma Borgu, nchi iliyo magharibi ya mto Niger, kuwawahi Wafaransa. Akafika Nikki na kupata mkataba siku chache kabla yao. Njiani wakavamiwa, mshale wenye sumu ukamchoma kichwani, ukang'olewa kwa nguvu, naye akatafunishwa mizizi ya dawa za wenyeji. Akapona na kuendelea na safari. Ikafuata Kalahari kwa kampuni ya madini. Mwaka 1897 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni, akamwita aunde jeshi la Afrika Magharibi. Tarehe 1 Januari 1900, pale Lokoja, mji ulio kando ya mto Niger, bendera ya kampuni ya Goldie ikashushwa na ya serikali ikapandishwa. Kampuni ililipwa pauni 865,000 kama fidia. Lugard akawa Kamishna Mkuu wa Nigeria ya Kaskazini, na mwaka uliofuata akapewa cheo cha "Sir".

Alichokabidhiwa kilikuwa ramani zaidi kuliko nchi. Ndani ya ramani hiyo mlikuwa na Ukhalifa wa Sokoto, dola ya Kiislamu yenye masultani wa miji, makadhi, kodi na kumbukumbu za maandishi tangu vita vya Usman dan Fodio mwanzoni mwa karne ya 19. Alikuwa na askari wasiozidi elfu chache na maofisa wachache wa Kizungu. London ilitaka mambo yaende polepole, kwa mazungumzo. Lugard hakuwa na subira hiyo. Kano ilitekwa Februari 1903, Sokoto Machi. Khalifa Attahiru alikimbia kuelekea mashariki na maelfu ya wafuasi, akauawa Burmi mwezi Julai. Walionusurika waliendelea na safari hadi Sudan, ambako vizazi vyao vipo mpaka leo.

Na mara tu Sokoto ilipotekwa, Lugard alisimama hapo na kuwatangazia wakubwa waliobaki: mikataba ya zamani imekufa, mamlaka waliyokuwa nayo Wafulani, watawala wa Sokoto, ya kuweka na kuondoa masultani sasa ni ya Waingereza, lakini masultani wataendelea kutawala watu wao, makadhi wataendelea kuhukumu, na dini haitaguswa. Huo ndio utawala wa kupitia machifu, Mwalimu, na ulizaliwa kwa hesabu. Hakuwa na watu wa kuendesha wilaya, wala fedha za kuwaajiri. Falsafa ilikuja baadaye kuivalisha nguo hali ya ukata. Wala hakuubuni yeye: Waingereza walishawatumia marajah, yaani wafalme, wa India, na machifu wa Fiji tangu miaka ya 1870. Mchango wake ni kuuandikia kanuni: hazina ya wenyeji, mahakama za wenyeji, mgawo wa kodi kati ya sultani na serikali, na miongozo minene kwa maofisa wake.

Kuna kisa kimoja kinachopaswa kukaa jirani na kanuni hizo. Mwanzoni mwa 1906 wanakijiji wa Satiru, karibu na Sokoto, wakiwemo watumwa waliotoroka, walifuata wito wa Mahdi na kuwaua maofisa wa Kiingereza na askari waliotumwa kwao. Mwezi uliofuata kikosi kikarudi, kikisaidiwa na watu wa Sultani wa Sokoto. Waliouawa wanakadiriwa kufikia 2,000, na kijiji kikafutwa. Ushirikiano wa gavana na sultani ulitiwa muhuri siku hiyo: kila mmoja alimhitaji mwenzake dhidi ya wanyonge walewale.

Mwaka huohuo Lugard akajiuzulu. Hali ya hewa ilimshinda mkewe, na pendekezo lake la kuitawala Nigeria akikaa London nusu ya mwaka lilikataliwa. Kuanzia 1907 hadi 1912 akawa gavana wa Hong Kong, koloni dogo lenye sheria, wafanyabiashara na magazeti, na humo alionekana kama samaki nchi kavu. Jambo la maana aliloacha huko ni chuo kikuu, kilichojengwa kwa mchango mkubwa wa Hormusjee Mody, tajiri wa Kiparsi. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 1910.

Akarudi Nigeria mwaka 1912 kuunganisha Kaskazini na Kusini, kazi iliyokamilika 1 Januari 1914. Sababu kubwa ilikuwa ileile: Kaskazini haikujitosheleza, Kusini ilikuwa na ushuru wa bandari. Lugard alipandishwa kuwa Gavana Mkuu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipindi kinachomhukumu. Mfumo uliofaa Kano, penye sultani na makadhi, aliupeleka kwa Wayoruba na kwa Waigbo. Kwa Waigbo wengi hapakuwa na mfalme. Kwa hiyo serikali ilitunga machifu na kuwapa vyeti. Mji wa Kiyoruba wa Iseyin uliasi mwaka 1916, Waegba wa Abeokuta mwaka 1918, na hasira dhidi ya machifu wa vyeti ilikuja kulipuka mwaka 1929 katika vita vya wanawake, yeye akiwa ameshastaafu. Wasomi wa Lagos hakuwavumilia, nao wakamlipa kwa magazeti yao. Na mtu huyu aliyehubiri kuwaachia wenyeji madaraka hakuweza kumwachia karani wake faili. Alikesha akiandika kila kitu mwenyewe.

Sasa Tanganyika. Lugard alistaafu mwaka 1919 na mwaka 1922 akatoa kitabu kilichosomwa na karibu kila ofisa wa koloni wa Kiingereza. Kuanzia mwaka huo hadi 1936 alikaa kwenye Tume ya Mamlaka za Udhamini ya Shirikisho la Mataifa, Geneva, iliyokagua utawala wa nchi walizonyang'anywa walioshindwa Vita Kuu ya Kwanza, ambako ripoti za kila mwaka za Tanganyika, na za Ruanda-Urundi chini ya Wabelgiji, zilipita mezani kwake kukaguliwa. Na mwaka 1925 aliletwa Dar es Salaam gavana aliyefanya kazi chini yake Lagos kwa miaka: Donald Cameron. Wajerumani walikuwa wametumia maliwali na maakida, wengi wao watu wa pwani waliopelekwa bara. Cameron, kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926, akaagiza watafutwe machifu "wa asili". Penye Wahaya na Wanyamwezi walipatikana. Pasipokuwa nao, maofisa wa wilaya walitafuta ukoo wowote wenye kuelekea, wakauvisha uchifu, jambo lilelile lililofanyika kwa Waigbo. Cameron alikuwa na mashaka na baadhi ya mambo ya bwana wake wa zamani, hasa kuwadekeza masultani wa Kaskazini, na aliporudi Nigeria kama gavana mwaka 1931 alianza kuwabana.

Kwa darasa lako ningelinganisha mwaka mmoja tu, 1963. Mwaka huo Tanganyika ilifuta kwa sheria madaraka ya machifu, chini ya rais ambaye baba yake mwenyewe, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mwaka huohuo Nigeria ya Kaskazini, masultani wake wakiwa bado na mahakama na hazina zao, serikali ya mkoa ilimwondoa Emir, yaani sultani, wa Kano, Muhammadu Sanusi wa Kwanza, ikitumia mamlaka yaleyale ya kuweka na kuondoa ambayo Lugard aliyatwaa Sokoto mwaka 1903. Mjukuu wake, Sanusi wa Pili, naye aliondolewa na serikali ya jimbo Machi 2020, akarudishwa Mei 2024.